Gundi ya Kamazamani

Sitawachosha na habari za njia. Aliyewahi kukaa mezani na marafiki, mvua ikipiga bati, akaambiwa mbele yenu kuna mlango wa mawe, mnafanya nini, huyo anaijua njia ya Kamazamani. Ambaye hajawahi, hata nikimchorea ramani hataniamini. Nimekuwa mpima ardhi maisha yangu yote hadi nilipostaafu, na naweza kusema kwa uhakika kwamba nchi hiyo haimo katika ramani yoyote iliyopita mikononi mwangu. Niliingia asubuhi, nikiwa na njaa na hamu.

Kwa faida ya wasioujua, niueleze kwanza mchezo uliowakusanya watu wa nchi ile. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye hueleza pango, msitu, daraja bovu, na dubwana lililojificha chini ya daraja. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, na husema shujaa huyo anafanya nini. Panapokuwa na shaka, kama upanga umempata joka au umekata hewa, hurushwa dadu. Iliyo kubwa kuliko zote ina pande ishirini. Ukipata ishirini unashangiliwa, ukipata moja unazomewa. Ndiyo hivyo tu. Niliwahi kumweleza mke wangu, akaniuliza sasa hapo kinachochezwa ni nini.

Mpakani nilipokelewa na afisa mwenye ndevu ndefu za kubandika. Meza yake ya kazi ilikuwa sanduku lenye meno. Sanduku la namna hiyo enzi zetu lilikuwa balaa: shujaa alilifungua akidhani lina dhahabu, akatoka bila mkono. Hili la mpakani lilikuwa limelala fofofo, na afisa alikuwa ameweka kikombe chake cha chai juu ya kope za sanduku hilo.

Aliniuliza nilianza kucheza kwa kitabu gani. Nikamwambia ukweli. Mtaani kwetu Moshi kitabu kilikuwa kimoja, kililetwa na baharia mmoja, kaka wa rafiki yangu Obadia, msimulizi wetu, nacho kilikuwa kimenyofoka kurasa za katikati. Kwa hiyo tulijua namna ya kuingia pangoni na namna ya kugawana mali. Ya katikati tulitunga wenyewe. Dadu hatukuwa nazo. Tulikwangua namba kwenye penseli ya pande sita tukawa tunaibingirisha, na badala ya ile ya pande ishirini tulikuwa na vipande vya karatasi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Unafumba macho, unachomoa.

Afisa aliinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akanibandika kifuani kitambaa cha kijivu cha Wachezaji wa Penseli. Daraja hilo, alinieleza kwa upole, linaniruhusu kutazama na kuuliza, ila si kusema neno mbele ya meza wala barazani. Waliozaliwa baada yetu, walioanza na vitabu vya rangi, huingilia mlango wa uani na hupewa chai kwenye vikombe vya plastiki. Nilimshukuru. Kuna watu wanapenda kukupa nafasi ya chini kwa adabu kiasi kwamba unaona aibu kukasirika.

Nchi ile ina sheria moja kuu, nayo ndiyo jina lake: kila kitu kiwe kama zamani. Tatizo ni zamani ipi. Baraza lao limekuwa likijadili suala hilo tangu nchi ianze. Niliwauliza wajumbe kadhaa ni mwaka gani hasa mchezo ulikuwa umekamilika, kabla watu hawajauharibu. Kila mmoja alinitajia mwaka wake, akaapa kwamba baada ya hapo hakukuwa na kitu. Nilipopiga hesabu kidogo, kila mwaka ulikuwa ule ambao mjumbe mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ndevu zinamchipuka. Nilimweleza mjumbe mmoja ugunduzi wangu. Alifikiri sana, kisha akasema kwamba kwa wenzake hiyo ni kweli.

Katika madogo lakini wameafikiana. Soda inywewe kwenye chupa ya kioo. Karanga zifungwe kwenye karatasi ya daftari la shule, na daftari liwe na hesabu zilizokosewa. Sokoni kuna mama anayeuza harufu kwenye vichupa: harufu ya kibatari kilichozimwa, harufu ya sweta la rafiki lililolowa, harufu ya kitabu kilichonyeshewa kikaanikwa juani. Nilikuwa nawacheka moyoni mpaka nilipofungua hicho cha mwisho. Nilimwona Obadia amekaa kitandani kwao, kopo mapajani, anatutazama mmoja mmoja kabla ya kusema joka limeamka. Nilinunua kichupa hicho, na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawachezi. Mbele ya kila pango na kila handaki kuna meza, viti vimepangwa, na dadu ziko mezani, lakini zimegandishwa kwa gundi. Kila meza wameigandisha kwenye mrusho wake mkubwa kuliko yote, ule ulioua dubwana la mahali pale siku ya sifa. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Gundi, wachezaji waliobaki hurudi kwenye viti vyao. Waliofariki huwekewa kofia zao kitini. Msimulizi huuliza swali lile lile la zamani, hujibiwa jibu lile lile, wote huinyooshea kidole dadu iliyoganda, hushangilia, kisha hurudi makwao. Nilishuhudia meza moja ikifanya mazoezi. Walilia machozi ya kweli, na mimi nikalia nao, ingawa sikuwahi kuwajua.

Msimamizi wa mambo hayo ni Mzee Habibu Shekalaghe, Mkuu wa Gundi, mtu mrefu aliyepinda kidogo, mpole, mwenye mikono iliyokakamaa kwa kazi yake. Ndiye aliyetunga sheria za nchi ile ujanani, na ndiye aliyenipa malazi. Nilipomuuliza kwa nini wasirushe tena, alinitazama kwa huruma.

"Tulishashinda, mgeni. Ukishashinda, unarusha tena unatafuta nini?"

Nilikubali kwa kichwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuyaona madubwana.

Dubwana, nilielezwa, likiuawa mchezoni huamka tena mchezo ukiisha, na halili nyama. Nyama ni maneno ya wasimulizi. Chakula chake ni hofu ya mtu ambaye hajui dadu itatua vipi. Katika nchi ambayo kila dadu inajulikana itatua vipi, madubwana yamekonda. Zimwi lenye jicho moja, lililowahi kumeza jeshi, nililikuta linachunga kuku. Tope linalokula chuma lilikuwa linasugua masufuria nyuma ya hoteli. Na Fukuto, joka mkubwa kuliko wote, ambaye moto wake ulikuwa unayeyusha milango ya ngome, alikuwa analala kwenye mdomo wa pango lake huku wanawake wa jirani wakimletea mabirika. Wanayaweka karibu na pua yake, wanapiga soga, maji yakichemka wanaondoka. Yeye huwaambia karibuni tena.

Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia marahaba kwa sauti iliyotoka mbali. Akaniuliza kama huko kwetu watu bado wanaogopa. Nikamwambia wanaogopa sana: kodi, magonjwa, simu isiyopigwa. Alifumba macho.

"Hizo si zangu," alisema.

Sheria inasema dubwana lisiloweza kuchemsha birika si dubwana tena. Linapakwa vanishi na kuhamishiwa Ukumbi wa Heshima. Nilipelekwa kuutazama ukumbi huo. Yamepangwa safu kwa safu, yanang'aa, makucha yamenyooshwa, macho yamefunguliwa, na hakuna hata moja linalopumua. Mwongozaji alinihakikishia kwamba sasa hayawezi kuharibika tena. Nilitoka nje haraka. Sijawahi kuona kitu kizuri kikanisikitisha namna ile.

Zamu ya Fukuto kupimwa kwa birika ilikuwa kesho yake asubuhi, na kila mtu alijua kwamba wiki hiyo mabirika yalikuwa yanarudi na maji vuguvugu.

Ndipo nilipomfahamu Nakunda. Alikuwa mkunga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na alikuwa amefika Kamazamani baada ya kumzika baba yake, Eliamani. Huyo Eliamani ndiye aliyerusha ishirini iliyomuua Fukuto siku ya sifa. Nchi nzima inayajua maneno ya tukio hilo kwa moyo: Eliamani alisimama wima, hakupepesa jicho, akamtazama joka usoni, akarusha. Mzee Shekalaghe alikuwa mezani siku hiyo, kiti cha pili. Wengine wa meza ile wote ni kofia sasa.

Nakunda alikuja nyumbani kwa mzee jioni, akamwamkia, akamwita baba mkubwa kama alivyofundishwa na baba yake. Alisema hataki kitu cha baba yake wala kofia yake. Anataka kukaa kwenye kile kiti na kurusha ile dadu mara moja, kabla joka hajapakwa vanishi. Baba yake alimsimulia habari za joka yule tangu akiwa mtoto, na kila mara alimsimulia kwa maneno yale yale. Alitaka kujua ilikuwaje.

Baraza liliitishwa kabla usiku haujaingia. Sijapata kuona mjadala mzito namna ile juu ya kitu chepesi hivyo. Mjumbe mmoja alisema mkono wa binti si mkono wa baba, kwa hiyo hairuhusiwi. Mwingine alijibu kwamba mkono hurithiwa, ila kidole gumba ni cha mtu binafsi. Wa tatu, mtu wa busara kwa maelezo ya wenzake, alipendekeza Nakunda aruhusiwe kurusha kwa sharti kwamba ipatikane ishirini. Hoja iliungwa mkono na wengi. Mwingine akaiboresha: arushe ndani ya boksi, na boksi lisifunguliwe. Nakunda alisikiliza yote hayo ameweka mikono mapajani. Mwishoni baraza liliamua kwamba dadu ni ya meza, na aliyebaki hai katika meza ile ni Mzee Shekalaghe peke yake. Akitaka ibanduliwe, ibanduliwe. Asipotaka, basi.

Mzee alisema hataki.

Tuliporudi nyumbani alikaa muda mrefu bila kuvua viatu. Alinieleza kwamba yeye na Eliamani walikua mtaa mmoja, walioa mwezi mmoja, na walipougua waliuguzana. Nguo zake wamegawana ndugu. Nyumba yake imeuzwa. Sauti yake, alisema, ameanza kuichanganya na sauti za watu wengine.

"Ile dadu ndiyo kitu pekee ambacho bado kiko vile alivyokiacha," aliniambia. "Nikiibandua, Eliamani atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

Nilimwelewa. Mtu mwenye kichupa cha harufu ya kitabu mfukoni hana ubavu wa kumlaumu mwenzake.

Asubuhi watu walikusanyika pangoni. Mila yao inataka birika lishikwe na mgeni, kwa kuwa wenyeji wote wana upande, basi kazi hiyo ikaniangukia mimi. Wapaka vanishi walisimama kando na brashi zao, wamevaa maovaroli safi, wanaongea kwa kunong'ona kama watu walio mlangoni kwa mgonjwa. Niliweka birika mbele ya pua ya Fukuto. Alivuta pumzi, akapuliza. Maji yalianza kuimba kidogo pembeni, nikapata matumaini, kisha yakanyamaza. Akapuliza tena. Nilitia kidole ndani, maji hayo ningeweza kumwogeshea mtoto mchanga.

"Habibu," Fukuto aliita.

Mzee Shekalaghe alisogea, kofia mkononi.

"Umeniletea watu wa brashi."

"Si mimi, bibi. Ni sheria."

"Sheria si uliitunga wewe?" Alisema bila hasira. "Haya. Kabla hawajaniziba mdomo nataka kukuuliza jambo moja. Siku ile, dadu ikiwa bado inabingirika, uliona nini?"

Mzee alijikohoza, akanyoosha mgongo kama afanyavyo Siku ya Gundi. "Eliamani alisimama wima, hakupepesa jicho..."

"Hiyo ni ya baada ya kutua. Hayo mliyatunga mkiwa mnashangilia. Nakuuliza kabla."

Mzee alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta. Aliitazama meza, akavitazama viti, akaitazama kofia ya Eliamani juu ya kiti cha kwanza, midomo ikimchezacheza. Watu waliokuwa nyuma yangu walianza kumsaidia kwa maneno yale ya kila mwaka, akawanyamazisha kwa mkono.

"Sikumbuki," alisema mwishowe. Kisha akarudia, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba ameibiwa. "Nakumbuka tunavyosema. Yeye mwenyewe simkumbuki."

Alikaa kitini mwake. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Baadaye aliomba kisu.

Kubandua gundi ya miaka si kazi ndogo. Alikwangua taratibu pande zote, jasho likimtoka, na dadu ilipoachia ilitoa mlio mdogo ambao umati wote uliuitikia kwa kuguna. Chini yake mbao ya meza ilikuwa bado mpya, nyeupe. Mzee aliondoa kofia kwenye kiti cha kwanza, akaipakata, akampa Nakunda ile dadu.

"Kaa, mwanangu. Urushe."

Hapo likatokea jambo ambalo hawakulitarajia: hapakuwa na wa kusimulia. Wasimulizi wa Kamazamani wanajua maneno ya kila meza, lakini maneno hayo yote yanaelekea kwenye ishirini. Msimulizi wa pango lile alianza mara mbili, mara mbili akakwama. Mjumbe mmoja aliomba baraza likutane. Mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu, na kwa sababu maisha yangu yote ya utoto nilitunga ya katikati, nilisahau kitambaa changu cha kijivu.

"Mbele yenu kuna joka," nilisema, na sauti yangu ilitetemeka kwa furaha. "Ni mzee, amechoka, lakini hajafa. Anawatazama. Mnafanya nini?"

Nakunda alisema anamkimbilia moja kwa moja na mkuki.

"Usipite mbele," mzee alisema haraka. "Mkia wake huwa hauuoni. Zunguka kushoto, mimi nitampigia kelele upande huu." Akajishika mdomo, amejishangaa. Hilo halikuwamo katika maneno ya Siku ya Gundi.

Nakunda alizunguka kushoto. Akairusha dadu.

Ilikuwa bado na gundi upande mmoja, kwa hiyo haikubingirika vizuri, ilichechemea. Iligonga chupa ya soda, ikageuka, ikaenda ukingoni mwa meza, ikarudi. Hakuna aliyepumua. Katika nchi ile nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua itatua vipi, na mimi nilifumba macho kama nilivyokuwa nikifumba nilipotia mkono kwenye kopo la Obadia. Ndipo nikasikia kelele kando yangu. Kifuniko cha birika kilikuwa kinarukaruka. Maji yalikuwa yanachemka na kumwagika, na dadu ilikuwa bado haijatua.

Ilitua kwenye tatu.

Hakuna aliyeshangilia. Fukuto aliinuka. Sikujua alikuwa mrefu kiasi kile. Alikuwa amelala tangu nifike. Alifungua mdomo, na mwanga uliotoka humo uliwafanya wajumbe wa baraza, pamoja na yule wa busara, wakimbie na kuacha viatu. Brashi za vanishi zilishika moto. Mimi nilijibanza nyuma ya jiwe na birika langu, nikiwa nimeungua mkono na sina kinyongo na mtu.

Mzee Shekalaghe alikuwa chini ya meza. Aliingia kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo jana, akajikunyata, mikono kichwani, na nilidhani analia. Alikuwa analia kweli, lakini pia alikuwa anacheka, na vyote viwili vilikuwa vinamzidi nguvu. Nakunda alibaki amesimama mbele ya joka, mkono ameshika kiti, uso mweupe kwa ule mwanga.

"Baba mkubwa," aliita bila kugeuka, "baba alisimama hapa hapa?"

"Hapana, mwanangu," sauti ya mzee ilitoka chini. "Ndiyo nakumbuka sasa. Alikuwa huku chini na mimi. Alikuwa amenikaba shingo, anamwita mama yake, na ile dadu aliitupa tu kwa juu, macho ameyafumba."

Nakunda aliachia kiti. Kisha akainama, akakusanya gauni lake.

"Sogea basi," alisema, akaingia chini ya meza.